Bastola ya Mjomba: Kwa Nini Risasi Zinaenda Chini, na Nini Hasa cha Kuboresha

Mjomba wangu anafanya biashara ya mbao. Anapakia Mafinga, anauza Mbeya, na kwa miaka mingi alikuwa anarudi na fedha taslimu kwenye begi dogo la kiunoni. Baada ya mfanyabiashara mwenzake kuvamiwa njiani, aliamua kuomba leseni. Taratibu zilichukua muda, lakini hatimaye akawa mmiliki halali wa bastola ya milimita 9.

Siku ya kwanza ya mazoezi alifyatua risasi 10 kwenye karatasi iliyokuwa mita 7 tu mbele yake. Tatu zikaingia kwenye karatasi. Saba zikaenda chini, nyingi upande wa kushoto. Jioni akanipigia simu. Hata "shikamoo mjomba" haikuisha vizuri.

"Wewe si umesoma hiyo fizikia? Hebu niambie hiki chuma kina ugonjwa gani."

Tayari alikuwa na orodha ya vitu vya kununua: taa ya leza, kifyatulio chepesi, mtutu mpya, na mpini wa mpira. Nikamwomba asinunue kitu chochote kwanza. Makala hii ndiyo jibu nililompa, ila nimelipanga vizuri zaidi. Hata kama wewe hujawahi kushika silaha na huna mpango huo, twende pamoja, maana humu mna fizikia ya kidato cha tatu, macho ya wazee, na habari moja ya Iringa ambayo huenda unaifahamu nusu.

Tuanze na watuhumiwa wa uongo

Mtuhumiwa wa kwanza ni mvutano wa dunia. Mjomba alidhani risasi "inashuka". Tukokotoe. Risasi ya kawaida ya milimita 9 inatoka kwa kasi ya takriban mita 360 kwa sekunde. Kusafiri mita 7 inatumia sekunde 0.02 hivi. Katika muda huo mvutano wa dunia unaishusha milimita 2 tu, ambazo ni chini ya unene wa mche wa penseli. Risasi zake zilikuwa zimeshuka zaidi ya sentimita 20. Kwa hiyo dunia haina kosa.

Mtuhumiwa wa pili ni hewa ya kwetu. Kuna mtu alimwambia kwamba Mbeya iko juu, hewa ni nyepesi, risasi zinapotea. Ni kweli Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Mpiga shabaha wa bunduki ndefu anayelenga kitu kilicho mita mia kadhaa atalijali hilo. Kwa bastola ya mita 7 halina maana yoyote. Na hewa nyepesi, kama ingefanya lolote, ingeipunguzia risasi ukinzani, isingeivuta chini.

Mtuhumiwa wa tatu ndiye anayesingiziwa sana: teke. Huyu tumkalie kidogo.

Teke linakuja likiwa limechelewa

Newton alituambia kwamba kila kani ina kani nyingine inayolingana nayo, inayoelekea upande wa pili. Risasi inasukumwa mbele, bastola inasukumwa nyuma. Risasi ina gramu 8. Bastola ya mjomba ikiwa na risasi ndani ina gramu 800 hivi, yaani ni nzito mara 100.

Sasa angalia kinachotokea. Wakati risasi inasafiri sentimita 10 ndani ya mtutu, bastola inarudi nyuma sehemu moja ya mia ya umbali huo, yaani milimita 1. Safari yote hiyo inaisha kabla sekunde moja ya elfu haijatimia. Risasi ikishatoka mdomoni, hatima yake imeshaamuliwa. Ile ruka ya bastola unayoiona kwa macho, mtutu ukienda juu na mikono ikitikisika, karibu yote inatokea risasi ikiwa imeshaondoka.

Ukijumlisha risasi na gesi ya baruti inayotoka nayo, teke la bastola hiyo lina nishati ya jouli 6 na kidogo. Kwa lugha ya dukani: ni kama kudaka mfuko wa sukari wa kilo moja ulioangushwa kutoka sentimita 65 juu ya viganja vyako. Utausikia, lakini mtu mzima mwenye afya hawezi kuangushwa na mfuko wa sukari. (Zile sinema ambazo mtu anafyatua bastola anarushwa nyuma, tuziache zilivyo.)

Kisha kuna jambo la muda. Binadamu akisikia mlio anahitaji kama sekunde 0.15 ndipo mkono wake uanze kujibu. Risasi hapo imeshapita karatasi zamani. Kwa hiyo mkono wako hauwezi kuharibu shabaha kwa *kujibu* teke. Hauna muda huo.

Basi kama siyo teke, ni nini kilichopeleka risasi saba chini?

Mkono unaotabiri

Jibu ni kwamba ubongo haukungoja mlio. Baada ya risasi ya kwanza ubongo ulishajifunza: kidole kikivuta hapa, kunatokea kishindo na kitu kinaruka juu. Ubongo wetu ni mashine ya kutabiri. Ndiyo maana ukinyanyua ndoo uliyodhani imejaa maji, kumbe ni tupu, unairusha juu. Misuli ilijiandaa kabla. Vivyo hivyo, kidole kinapokaribia kumaliza safari yake, misuli ya mkono inasukuma mtutu chini ili kuzuia teke ambalo bado halijaja. Macho nayo yanafumba.

Mwalimu wake wa shabaha, mzee mmoja askari mstaafu, alilithibitisha hilo kwa mtego rahisi. Alichanganya risasi halisi na risasi za bandia zisizo na baruti kwenye magazini, bila kumwambia mjomba ipi iko wapi. Mjomba akalenga, akavuta. Ikawa ya bandia. Hakuna mlio, hakuna teke, lakini wote waliokuwepo waliona mtutu ukiinama kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Mjomba mwenyewe aliona. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ni mimi."

Hesabu inakubali. Kinundu cha mbele cha kulengea na pengo la nyuma vimeachana sentimita 16 hivi. Ukiinamisha mtutu milimita 5 tu katika urefu huo, kwa mita 7 risasi inashuka sentimita 22.

Na ule upande wa kushoto? Mjomba anatumia mkono wa kulia. Kifyatulio cha bastola yake kinahitaji kani ya kilo 2.5 hivi, wakati bastola yenyewe haifiki hata kilo moja. Maana yake unavuta kitu kwa kani kubwa kuliko uzito wake mara tatu. Kidole kisipovuta moja kwa moja kuelekea nyuma, au vidole vingine vikibana kwa pamoja kama unakamua nguo, sehemu ya kani hiyo inausukuma mtutu pembeni. Kwa wanaotumia mkono wa kulia, mara nyingi ni kushoto na chini.

Orodha ya manunuzi: tuipitie kimoja kimoja

*Mtutu mpya.* Hapana. Mtutu wa kiwandani wa bastola ya kisasa una usahihi kuliko mikono ya karibu kila anayeinunua. Ni sawa na kununua kalamu ya bei mbaya ili mwandiko uwe mzuri.

*Mpini wa mpira au mpini unaokaa vizuri mkononi.* Hapa pana hoja. Teke ni lilelile, lakini likisambaa kwenye eneo kubwa la kiganja linaumiza kidogo zaidi, na kisichoumiza hakiogopwi sana. Pia, kama kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio, kitavuta pembeni tu. Bastola ni kama kiatu, ukubwa wake lazima uendane na mtu.

*Kuongeza uzito.* Fizikia inaunga mkono. Kwa risasi ileile, nishati ya teke inapungua kadiri silaha inavyokuwa nzito. Ya gramu 800 ina jouli 6.4, ya kilo moja ina 5.1, na ile ndogo ya gramu 500 ambayo watu wanaipenda kwa sababu "haionekani mfukoni" ina zaidi ya 10. Wanaoanza hununua ndogo wakidhani ni rahisi kuimudu. Ni kinyume chake.

*Kifyatulio chepesi.* Hili nilimkatalia kabisa. Ni kweli kani ikipungua mtutu unatulia. Lakini ile kilo 2.5 ipo kwa sababu. Mkono wenye hofu, baridi au jasho unabana bila kuambiwa. Na fundi wa kuchomelea mageti, hata awe hodari namna gani, asiguse chemchemi wala meno ya ndani ya silaha. Umiliki wa silaha uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni yako inahusu silaha ile uliyoandikishwa. Kabla ya kubadilisha chochote, uliza polisi waliokusajili, na kazi ifanywe na mwenye kibali cha kazi hiyo.

*Taa ya leza au kioo cha nukta nyekundu.* Hapa ndipo nilipojifunza mimi. Nilikuwa tayari kusema "hapana" mpaka nikamuuliza mjomba, "Ukilenga, kile kinundu cha mbele unakionaje?"

"Kama kuna ukungu wa Kitulo."

Mjomba ana miaka 54. Kuanzia kama miaka 40 lenzi ya jicho inazidi kuwa ngumu, na uwezo wa kuona vya karibu unapungua. Ndiyo maana wazee wanasogeza gazeti mbali. Sasa bastola inalitaka jicho lishughulike na vitu vitatu kwa wakati mmoja: pengo la nyuma, kinundu cha mbele na shabaha, na kila kimoja kiko umbali wake. Hakuna jicho linaloweza kuona vyote vitatu kwa ukali, hata la kijana. Kijana anachagua kinundu na kuacha shabaha iwe na ukungu kidogo. Mjomba hana uwezo wa kuchagua. Kioo cha nukta nyekundu kinasaidia kwa sababu nukta inaonekana kama iko mbali, palepale ilipo shabaha, kwa hiyo jicho linafanya kazi moja.

Lakini kuna kifaa cha bei rahisi zaidi ambacho angekihitaji hata kama asingekuwa na silaha: miwani. Alikwenda kupimwa macho. Akarudi akiniambia kwamba hata namba za kwenye magogo sasa anazisoma.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha kabisa ni kinga ya masikio. Maongezi ya kawaida ni desibeli 60. Bastola ya milimita 9 inafika 155 hadi 160, wakati sauti ya ghafla inayozidi 140 inaweza kuliharibu sikio hapo hapo. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena kwa binadamu. Isitoshe, mlio ndio nusu ya kile ubongo unachokiogopa. Ukiziba masikio vizuri, kile kiinamisho cha mbuzi nacho kinapungua. Kwa maoni yangu hiki ndicho cha kwanza kununua.

Kuzoea: kidogo kidogo kila siku

Mazoea hayauzwi. Mwaka 1978 watafiti Baddeley na Longman walichapisha utafiti waliofanya kwa watumishi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kutumia kibodi. Wapo waliofundishwa saa moja kwa siku, na wapo waliofundishwa saa nne. Wale wa saa moja walihitaji saa chache zaidi kwa jumla kufikia kiwango kilekile. Cha kuchekesha, ndio waliokuwa hawaridhiki, maana waliona siku zinakwenda na wao bado wanajifunza. Wanafunzi wenzangu mnaokesha usiku mmoja kabla ya mtihani, mmesikia.

Kwa silaha kanuni ni hiyo hiyo. Dakika 10 za kuvuta kifyatulio bila risasi, taratibu, ukitazama kama kinundu kinatikisika, zinauzidi mchana mmoja wa kumaliza boksi zima la risasi huku ukijifundisha kuogopa. Lakini sikiliza masharti: magazini imetolewa, chemba imekaguliwa kwa macho na kwa kidole, mara mbili. Risasi zote ziko chumba kingine. Mtutu unaelekea mahali ambapo hata ukikosea hakuna atakayeumia. Na zile kanuni za siku zote: kila silaha ihesabu ina risasi, usiielekeze kwa usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua, jua kilichopo nyuma ya shabaha. Na ukionja ulanzi, hata bilauri moja, silaha isitoke inapokaa.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna la ziada. Juni na Julai, ukitoka kwenye baridi ya asubuhi ya Makambako ukaingia kwenye chumba chenye jiko, mvuke wa hewa unaganda juu ya chuma kilichopoa kama unavyoganda kwenye miwani. Hiyo ndiyo kutu ya kesho. Acha chuma kipate joto la chumba, kifute, kisha mafuta kidogo. Mengi yanakuwa mazito kwenye baridi na kukusanya vumbi.

Lugalo, na hesabu ya hatua chache

Sasa lile la Iringa. Ukisafiri barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro, kabla ya kufika Ilula utapita Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilivamiwa hapo na Wahehe wa Mkwawa. Kikosi kilikuwa na bunduki za kisasa za wakati ule na silaha nzito. Wahehe wengi walikuwa na mikuki na ngao. Mapigano yenyewe yalikuwa ya dakika chache. Zelewski akafa, na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Tunapenda kusimulia ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Lakini tazama pia saa. Askari alikuwa kwenye mstari mrefu wa safari, hajajiandaa, na adui akatokea vichakani akiwa karibu sana. Bunduki iliyo bora kwa mita 200 haikupata sekunde za kutumika kwa mita 20.

Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1983, polisi mmoja wa Salt Lake City nchini Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu jambo kama hilo. Aliwapima watu wakikimbia hatua zinazofanya takriban mita 6.4. Walitumia kama sekunde moja na nusu. Muda huo ndio ambao askari aliyefunzwa anauhitaji kutoa bastola na kufyatua. Kwa maneno mengine, mtu mwenye panga aliye upande wa pili wa sebule ameshafika.

Wahehe waliteka bunduki nyingi siku ile ya Lugalo. Hata hivyo Oktoba 1894 boma la Kalenga lilianguka kwa mizinga ya Wajerumani. Kumiliki chuma na kukimudu ni mambo mawili.

Nilimwonyesha mjomba hesabu hizo mezani kwake, na nikaona zimemwingia kuliko habari za jouli. Alinunua bastola kwa ajili ya begi la fedha. Tukapiga hesabu: yuko kwenye usukani, mkanda umefungwa, mvamizi yuko dirishani. Sekunde moja na nusu. Hakuna kioo cha nukta nyekundu kinachobadilisha jibu.

Kilichomaliza mjadala lakini hakikuwa hesabu. Wiki iliyofuata mjukuu wake wa miaka minne alionekana anakokota begi lile sebuleni akitafuta pipi. Bastola ilikuwa ndani. Kilo 2.5 kwa kidole kimoja cha mtoto ni nyingi, lakini watoto hawatumii kidole kimoja. Wanageuza kitu na kukisukuma kwa vidole gumba viwili.

Siku ile ile mjomba alikwenda Mwanjelwa akanunua kasha la chuma lenye kufuli, likafungwa kwa bolti ukutani. Risasi zikapata kasha lao. Mbao sasa analipwa kwa benki na kwa simu, na begi la kiunoni limebaki la miwani. Bastola bado anayo, na bado anafanya mazoezi. Mara ya mwisho nilipomtembelea, risasi nane kati ya 10 ziliingia kwenye karatasi. Ya tisa ilienda chini.

"Hiyo," akasema, "nilijua kabla haijatoka."